Siku sita Paris: kutafuta mgongo wa gauni la zambarau

Alhamisi

Treni ya kutoka Brussels hadi Gare du Nord inachukua kama saa moja na dakika ishirini, na muda wote huo nimepakata bahasha ngumu ya kadibodi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani mna karatasi moja tu. Niliinunua miaka minne iliyopita kwenye soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, pale Brussels, kwa yuro 12, na tangu siku hiyo sijatulia.

Ni picha ya mtindo iliyotoka kwenye gazeti la Kifaransa la *La Mode Illustrée*, mwaka 1873. Wanawake wawili wamesimama sebuleni. Mmoja ana gauni la kijivu na ametuelekea. Wa pili ana gauni la zambarau, amesimama kwa ubavu, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Mistari imechapwa kwa wino, lakini rangi zimepakwa kwa brashi, karatasi kwa karatasi. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mikunjo ya zambarau iliyokolea inang'aa. Wapaka rangi walipitisha gundi ya mgunga juu ya rangi nzito ili kitambaa kionekane hariri. Pembeni chini pana sahihi ya mchoraji, Anaïs Toudouze, na karibu yake anwani ya gazeti: 56, Rue Jacob, Paris.

Mimi ni fundi cherehani, na mama yangu alikuwa fundi kabla yangu, Ngamiani, Tanga. Ukuta wa kibanda chake ulijaa mabango ya mitindo ya vitenge. Mteja akiingia hakuwa na haja ya maelezo, alinyoosha kidole tu: "Mama, nishonee kama hii." Kazi ya mama ilikuwa kuangalia picha ya mbele na kujua nyuma kuna nini. Siku niliyoiona karatasi ile kwenye lile soko, nikamkumbuka mama na ule ukuta wake. Wenzangu wengi wanaokusanya picha hizi huzitia kwenye fremu, zikapendeza ukutani. Mimi niliona bango la fundi.

Na bango lile lina swali. Yule wa zambarau, nyuma chini ya kiuno, gauni lake limefura, limekusanywa likapanda kama mkate ulioumuka, kisha likateremka hadi sakafuni. Limeshikwa na nini lisiporomoke? Picha haisemi. Lakini kila toleo la gazeti lile lilikuwa na maandishi ya kueleza magauni, na baadhi ya matoleo yalikuja na karatasi kubwa ya pateni, yaani mchoro wa kukatia nguo. Picha yangu ilitenganishwa na ndugu zake hao. Nimekuja Paris kuwatafuta.

Nimefikia kwa dada mmoja, fundi mwenzangu, mzaliwa wa Bukavu, anayeshona karibu na Château Rouge, mtaa ambao vitenge vimening'inia kila mlango na mihogo inauzwa kando ya njia. "Karibu, dada. Ulifika muzuri?" Tulikula, tukafuta meza, nikaitoa karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza chini ya taa.

"Hii njo ulikuya kutafuta?"

Nikamwambia hii ninayo, natafuta mgongo wake.

Hakucheka. Akachukua futi yake, akapima kiuno cha yule mwanamke wa karatasi, kisha urefu wa gauni, akaanza kuhesabu kwa vidole mita za kitambaa.

Ijumaa

Nimeanzia kwenye zile njia zilizoezekwa vioo za mtaa wa tisa, Passage Jouffroy na Passage Verdeau, zilizojengwa miaka ya 1840. Ndani ya Verdeau kuna wauzaji wa vitabu na picha za zamani, na hatua chache kutoka hapo ni Hôtel Drouot, nyumba ya minada. Mtu yeyote anaweza kuingia kutazama mali kabla haijanadiwa, bila kiingilio, na hakuna anayekuuliza umekuja kununua au kuangalia.

Kwa anayeanza, haya ndiyo ninayoyaona ya lazima kuyajua. Picha za mitindo za Ufaransa zina vizazi. Kizazi cha kwanza kikubwa ni *Galerie des Modes et Costumes Français*, iliyotolewa kuanzia 1778 hadi 1787 na Esnauts na Rapilly, wauza picha wa Rue Saint-Jacques. Hizo ni karatasi kubwa, nywele za wanawake zimepanda kama minara, na bei yake ni ya watu wenye fedha. Mimi naziangalia kwenye kabati la kioo na kwenda zangu. Ukiuziwa moja kwa bei poa, jihadhari. Mchapishaji Émile Lévy alizichapa upya kati ya 1911 na 1914, kazi nzuri yenye rangi, na leo karatasi hizo nazo ni kuukuu, kwa hiyo jicho lisilozoea linaweza kudhani ni za enzi ya Malkia Marie-Antoinette.

Kizazi ninachokipenda zaidi kwa udogo wake ni *Costume Parisien*. Hizo zilikuwa picha za gazeti la *Journal des Dames et des Modes*, lililoanza 1797 na kudumu hadi 1839. Aliyelisimamia kwa miaka mingi, hadi kifo chake mwaka 1831, ni Pierre de La Mésangère, mtu aliyewahi kuwa padri na mwalimu wa falsafa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Gazeti lilitoka kila baada ya siku tano likiwa na picha, na namba za picha hizo zilipita 3,000. Zile za mwanzo hazina mwaka wa kawaida. Zimeandikwa *An 8*, *An 9*, kwa kalenda ya Mapinduzi iliyoachwa mwanzoni mwa 1806. Mwanamke mmoja, mara nyingi peke yake, hana sebule wala kiti wala zulia. Amesimama kwenye karatasi nyeupe, na chini maneno machache ya kutaja alichovaa.

Katika maneno hayo utakutana mara kwa mara na *mousseline*. Hiyo ni melimeli. Nilifurahi sana siku nilipolitambua neno hilo, maana melimeli kwetu si kitu cha kuelezwa. Bibi zetu wa pwani waliijua kutoka Bara Hindi kama hawa walivyoijua. Mwaka 1800 mwanamke wa Paris alivaa gauni la melimeli jepesi kiasi cha kuonyesha mwili, na juu akajitupia shali ya Kashmir. Nguo ya Kifaransa, kitambaa cha Bengali, shali ya milimani. Nikiziangalia picha hizo naona Bahari ya Hindi yote.

Na hapo ndipo nilipoteleza. Katika duka moja nisilolitaja, nje ya njia hizo, niliona *Costume Parisien* ya *An 11* ndani ya fremu ya dhahabu, gauni la melimeli na shali nyekundu, yuro 45. Mwenye duka akaniambia ni ya asili, kutoka nyumba ya familia. Duka lilikuwa linafungwa, mvua inanyesha, nikatoa fedha.

Usiku kwa dada nimeifungua fremu. Nimeweka kioo cha kukuzia juu ya shavu la yule mwanamke, na badala ya rangi iliyotandazwa na brashi nimeona nukta: nyekundu, manjano, buluu, nyeusi, zimejipanga kama mtama uliomwagwa kwenye trei. Ni chapa ya mashine ya karne ya ishirini. Picha ya kweli haina nukta hizo. Mstari wake ni wino ulioinuka kidogo juu ya karatasi, kwa sababu bamba la shaba lilichorwa, likajazwa wino kwenye mifereji, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa nguvu hadi ikaingia mle mferejini kuutoa wino. Ndiyo maana pembeni hubaki alama ya kingo za bamba, kama sahani iliyobanwa kwenye unga. Rangi nayo huwa inavuka mstari hapa na pale, maana ni mkono wa mtu. Yote hayo nayajua kwa miaka, na leo sikuyafanya. Kioo kilikuwa mfukoni mwangu.

Jumamosi

Soko la vitabu la Georges Brassens, mtaa wa kumi na tano, chini ya mabanda ya chuma ambamo zamani waliuzwa farasi. Linafunguliwa Jumamosi na Jumapili tu. Baridi ya kuingia kwenye mifupa.

Nimeona kitu ambacho sitakisahau haraka. Kwenye meza moja kulikuwa na majarida mawili ya mitindo ya miaka ya 1850, yamejalidiwa kwa ngozi, na mwanamume wa makamo, mpole kabisa, alikuwa anayakata. Alikuwa na kisu chembamba na rula ya chuma. Anafungua, anatafuta picha ya rangi, anapitisha kisu karibu na mshono, anaitoa, anaiingiza kwenye mfuko wa plastiki, anaandika bei kwa penseli. Kilichobaki alikisukumia kwenye boksi la chini.

Nikamuuliza kwa nini asiuze kitabu kizima. Akanijibu bila kona: kitabu kizima chenye picha 50 kinampa bei ya picha 15, mtu wa kununua kitabu kikubwa namna hiyo anakuja mara moja kwa mwaka, wa kununua picha moja anakuja kila saa. Hesabu yake ni sahihi. Hata hivyo nilisimama pale nikiwa na uchungu, kwa sababu kila kisu kilipopita, picha moja ilikuwa inapoteza mgongo wake, na pengine picha yangu ilianza safari yake kwenye meza kama ile. Sikununua kwake kitu. Si kumwadhibu, mkono tu haukunyooka.

Jumapili

Leo nitaandika hadi taa izimwe.

Kutoka Château Rouge, laini ya nne ya metro inakushusha Porte de Clignancourt, mwisho wa jiji. Unatoka, unapita katikati ya vibanda vya jinzi na raba na mikoba, unapita chini ya barabara kuu inayozunguka Paris, na upande wa pili, Saint-Ouen, ndiko kuliko masoko yenyewe ya vitu vya kale, yamejipanga kandokando ya Rue des Rosiers. Ni mengi, kila moja na jina lake. Vernaison ni vichochoro, kila kibanda na shehena yake ya vifungo, lesi, wanasesere, vijiko. Dauphine ni jengo moja kubwa lenye paa la kioo, na ghorofani wako wauza vitabu na karatasi.

Dada wa Bukavu alikuja nami. Alisema anataka kuona vifungo, lakini niliona amechukua futi.

Ghorofani tulimkuta mama wa makamo, mtulivu, mwenye droo zilizoandikwa miaka. Ukiwa na mwuzaji wa namna hii unaweza kujifunza mengi kwa kukaa kimya. Nilimwomba droo ya 1860 hadi 1875, nikapitisha karatasi moja moja. Ukizipitisha kwa mfululizo hivyo unaona mitindo ikitembea. Sketi za 1860 ni duara, kengele kubwa iliyoinuliwa na pete za chuma za krinolini. Mwaka hadi mwaka mbele kunakuwa bapa na mzigo unarudi nyuma, mpaka ukifika 1870 na kuendelea upana wote umekaa mgongoni. Rangi nazo zinapiga kelele. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Perkin, alipata zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na miaka michache baadaye Wafaransa wa Lyon wakapata ile nyekundu ya waridi kali. Kabla ya hapo zambarau ilikuwa rangi ya wachache. Baada ya hapo, droo nzima imejaa zambarau.

Dada alishika karatasi moja yenye gauni la waridi kali, akaiangalia kwa kioo changu. "Angalia muntu mwenye alipaka hii," akasema. "Alichoka." Kweli, ukingo wa gauni rangi ilitoka nje ya mstari ikagusa zulia, na kwenye uso wa mwanamke wa nyuma midomo ilikuwa nukta moja nyekundu iliyokaa kando kidogo ya mdomo uliochapwa. Wapaka rangi wengi walikuwa wanawake na wasichana, wamekaa kwenye meza ndefu, mara nyingi kila mmoja na rangi yake: huyu anapaka buluu tu, anasukuma karatasi kwa jirani, jirani anapaka nyekundu. Majina yao hayamo kwenye karatasi. Mchoraji ametajwa, mchongaji ametajwa, mchapaji ametajwa, hata mshonaji wa magauni hutajwa, maana gazeti liliandika "magauni ya Bibi fulani" ili msomaji ajue pa kwenda. Wapaka rangi hawakutajwa, na kazi yao ndiyo ya kwanza jicho lako kuiona.

Saa nane hivi nikamuuliza yule mama kama ana 1873 yenye maandishi. Akafikiri. Akainama chini ya meza akavuta kitabu kikubwa, mgongo umepasuka, jalada linaning'inia kwa nyuzi.

"Hiki hakina kitu, bibi. Picha zilishatoka kabla hakijafika kwangu."

*La Mode Illustrée*, 1873. Mwaka mzima, toleo kwa toleo, na kila palipokuwa na picha ya rangi pamebaki ukanda mwembamba wa karatasi uliokatwa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikatoa picha yangu, nikasoma namba ya toleo iliyochapwa juu, nikafunua hadi hapo.

Maandishi yalikuwepo. Aya fupi tu, chini ya ukurasa, herufi ndogo za kuumiza macho. Kitambaa chake ni hariri nzito ya *faille*. Gauni lenyewe ni vipande viwili juu ya sketi: kizibao chenye mkia, na juu ya sketi vazi la pili ambalo nyuma limekatwa refu kuliko mbele, refu mno. Urefu huo wa ziada ndio unaofura. Na unashikwa na tepe zilizoshonewa kwa ndani, kwenye mishono, zikafungwa mbili mbili. Ukizifunga, kitambaa kinapanda chenyewe.

Tepe! Miaka minne nilidhani kuna kizimba cha chuma kinachobeba yote. Chini kulikuwa na kitu cha kuinua, ndiyo, wanawake wa wakati huo walivaa kitu hicho, lakini umbo lile, zile pindo zinazoonekana zimeanguka bila mpango, zilifungwa kwa kamba kutoka ndani kama pazia.

Nilimsomea dada, nikimfasiria. Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe iko kama shandarua," akasema, "unavuta kamba, inapanda."

Na nyuma kabisa ya kitabu, zimekunjwa mara nyingi na kusahauliwa, karatasi tatu za pateni. Aliyekata picha hakuzitaka. Moja imechanika pembe. Zifungue, na kwa mtu asiye fundi ni ramani ya wendawazimu: mistari kwa mamia, imepandana, mingine mizima, mingine vipandevipande, mingine nukta, mingine misalaba midogo. Karatasi ilikuwa ghali, basi waliweka pateni za nguo kadhaa juu ya karatasi moja, na kila kipande kina aina yake ya mstari na namba yake. Unaufuata wako tu na kuiacha mingine yote, kama kumfuata mtoto wako sokoni kwa rangi ya shati lake. Pateni ya vazi la zambarau ilikuwa kwenye ile iliyochanika pembe.

Bei aliyotaja ilikuwa yuro 30. Nikamwomba 25, akakubali, na akanitafutia kadibodi ya kufungia. Ningempa 100 angezitaja.

Jumatatu

Asubuhi nilirudi kwenye lile duka la fremu ya dhahabu, nikiwa na kioo. Nilimwonyesha mwenyewe zile nukta. Alisema mali iliyotoka dukani hairudi. Sikubishana, nimeiacha fremu na picha yake juu ya kaunta yake nikatoka. Yuro 45 zimekwenda.

Kisha Rue Jacob. Nilitaka kuiona namba 56, ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko anwani ya nyumba yangu mwenyewe. Ni mlango mkubwa kwenye barabara nyembamba, upande wa kushoto wa mto. Ukutani kuna kibao, lakini si cha gazeti. Kinasema hapa, tarehe 3 Septemba 1783, wajumbe wa Uingereza na Marekani, Benjamin Franklin akiwamo, walitia sahihi mkataba wa kutambua uhuru wa Marekani. Wapita njia wawili walisimama wakapiga picha kibao hicho. Mimi nilikuwa nawaza ile nyumba ya uchapaji ya Firmin-Didot iliyokuja baadaye na kulitoa *La Mode Illustrée*, na Emmeline Raymond, aliyekuwa mhariri wa gazeti tangu lilipoanza mwaka 1860 hadi alipofariki mwaka 1902. Kila wiki, kwa miaka zaidi ya 40, aliwaandikia wanawake wa mikoani jinsi ya kukata, kugeuza gauni la zamani, kushona lesi. Gazeti lenyewe lilidumu hadi 1937. Ningependa kibao cha pili hapo ukutani.

Ningependa pia jina la Anaïs Toudouze lijulikane zaidi. Alikuwa binti wa mchoraji Alexandre-Marie Colin, na dada zake wawili, Héloïse Leloir na Laure Noël, walifanya kazi hiyohiyo. Dada watatu, kwa zaidi ya miaka 30, ndio waliochora sehemu kubwa ya namna dunia ilivyoona mwanamke aliyevaa vizuri. Picha zao zilivuka mipaka; magazeti ya Hispania yalichapa zilezile kwa maandishi ya Kispania. Anaïs alifiwa na mumewe mwaka 1854, watoto bado wadogo, akaendelea kuchora. Mwanawe Édouard akawa mchoraji, Gustave akawa mwandishi, na binti yake Isabelle akashika kazi ya mama. Ukijifunza kuusoma mkono wake unamtambua bila sahihi: nyuso zake zimetulia, vidole ni virefu, na kitambaa anakijua. Anachora mkunjo pale ambapo mkunjo ungekuwepo kweli. Ni jambo la kwanza fundi analolitazama.

Mchana nimetembea kando ya Seine, kwenye yale masanduku ya kijani ya wauza vitabu yaliyoenea kama kilomita tatu. Picha nyingi zilizoning'inizwa humo ni nakala za kisasa, na wengi hawafichi. Kwa mmoja nimepata ya kweli ya gazeti la *Journal des Demoiselles*, yuro 8, ina madoa ya kahawia ya unyevu. Madoa sijali. Nisichotaka ni karatasi iliyogundishwa kwenye ubao au kuzungushiwa selotepu, maana gundi hiyo hula karatasi na huwezi kuirudisha.

Jumanne

Mchana, maktaba ya Bibliothèque Forney, ndani ya Hôtel de Sens, jumba la karne ya 15 kule mtaa wa Marais. Kwenye ukuta wa mbele kuna tundu la mpira wa mzinga uliopigwa siku za Mapinduzi ya Julai 1830, ungali umekwama mlemle, na tarehe imechongwa chini yake. Maktaba hii hukusanya mambo ya sanaa na ufundi, mitindo ikiwamo. Nikakumbuka kwamba siku mzinga huo unalia, wanawake wa jiji hili walivaa mikono iliyofura kama mito ya kulalia kuanzia begani hadi kiwikoni. Nimekaa humo saa mbili nikiitazama mikono hiyo, nikaandika vipimo kwa penseli. Kalamu ya wino sipendi hata kuitoa nikiwa karibu na karatasi kuukuu.

Jioni tumeanza kazi. Dada amefunga mlango wa kibanda, ametandika karatasi ya kaki juu ya meza ya kukatia, na juu yake nimetandaza pateni. Hatukuchora juu ya pateni yenyewe. Tumeweka karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu yake na kufuata mstari wetu, ule wa vipandevipande na msalaba, polepole, vidole viwili vikitangulia penseli. Mara mbili tulihamia kwenye mstari wa mtu mwingine, koti la mtoto nadhani, tukarudi. Pale pembe ilipochanika, mstari unaishia hewani. Dada aliupima upande wa pili wa mshono, akasema lazima urefu ulingane, akaikamilisha kwa rula na jicho.

Tumekata kwa merikani, mita nne na nusu, tumeshikiza kwa pini na kupiga mshono mrefu wa muda. Zile tepe tumezikata kutoka kwenye bitana ya zamani, tukazishonea ndani, jozi tatu. Kisha tukalivisha kwenye sanamu ya kushonea, likaning'inia hadi chini na ziada ikalala sakafuni kama shuka lililoanguka.

Dada aliingia ndani yake kwa nyuma, kichwa hakionekani, akafunga jozi ya kwanza. Kitambaa kikapanda kiganja kimoja. Jozi ya pili: mgongo ukafura. Ya tatu, na mikunjo ikaanguka pembeni, miwili mipana na mmoja mdogo katikati.

Niliishika picha mkononi, nikapeleka macho kwenye merikani, nikayarudisha kwenye picha. Mkunjo mdogo wa katikati upo. Anaïs aliuchora, mstari mmoja mwembamba ambao kwa miaka minne nilidhani ni kivuli.

"Iko sawa?" akauliza kutoka ndani.

Nikamwambia karibu. Kwenye picha mfuro unaanzia juu zaidi, kiunoni kabisa.

"Basi kamba ya juu iko mbali," akasema. "Leta pini. Nafungula, tunafunga tena."